Kamsifu Kavukavu

Breda weh, Attracta katuua leo! Tena kwa mdomo wake mwenyewe.

Tuko uzioni, farasi wanazungushwa kabla ya mbio za kuruka viunzi. Unamjua, lazima awachambue. "Yule mwekundu viunzi anaviogopa kama deni. Yule mweusi tumbo utadhani anakaribia kuzaa." Tukacheka.

Akaja wa kijivu, anayepandwa na Tadhg, mjukuu wa Attracta. Kabebeshwa uzito mkubwa kuliko wote ili wenzake wapate nafasi, ndiyo adhabu ya kuwa hodari. Attracta kapaza sauti: "Huyu hana kasoro hata moja!"

Basi. Hakusema "Mungu ambariki." Breda, HAKUSEMA!

Mzee Mossie aliyeshika hatamu akaganda. "Bibi wewe, umemsifu kavukavu? Njoo umtemee mate upesi, kijicho kimtoke!"

"Mbele za watu, na kofia yangu ya Pasaka?" Akaona haya. Farasi wakapita, lango likafungwa.

Sasa wanajipanga. Wa kijivu peke yake anachuruzika jasho. Attracta hana habari na kofia tena, kainamia uzio, katema kwa nguvu zake zote.

Upepo ukayarudisha mate, yakamwangukia usoni.

Hajajifuta. Anarudia tu, "Mungu ambariki, Mungu ambariki," na bendera ya kuanzia imeshashushwa.