Nani Atanirudisha Nyumbani Baada ya Leza?

Mshauri mpendwa, nakuandikia kutoka Buhongwa nikiomba uniongoze katika jambo ambalo wengine wataliona dogo. Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Muleba, ni fundi sanifu wa maabara katika kiwanda cha minofu ya samaki, na tangu sekondari sioni mbali bila miwani minene, ambayo kazini hushika ukungu kila nitokapo chumba cha baridi, hivyo nikazoea kuiacha mkobani, mazoea hayo yakanifuata hadi barabarani, nikawa natembea nikiwaona watu kama rangi zinazosogea, na wanaoniinulia mkono siwaoni, nao wamehitimisha kwamba naringa; nimewasikia wakisema, "Mhaya huyo! Salamu yako isipokuwa na digrii haipokei," wakacheka, nami nikapita kana kwamba sikusikia. Ni jirani yangu Mama Masele pekee ambaye bado hupaza sauti Jumapili, "Dada Koku, njoo tule, sato hata hajapoa!" nami hujibu kwamba nimeshakula, hata kama sijala, kwa sababu sijui niongee nini na watu ambao sijawahi kuziona nyuso zao vizuri. Sasa kliniki ya macho imenipima na kunikubali kwa upasuaji wa leza, nami naamini kabisa kwamba nikiona nitapata watu, ila muuguzi aliniuliza, "Dada, utakuja na nani? Hatumruhusu mtu kuondoka peke yake," nikajibu "mdogo wangu," ilhali sina ndugu Mwanza hii, nimeahirisha mara mbili, na juzi nikamwomba Machibya, dereva wa bodaboda anayenipeleka kazini, ajifanye ndugu yangu, akaniuliza, "Mimi Msukuma, dada. Wakinisalimia Kihaya nitajibu nini?" Je, niende naye hivyo hivyo, au niachane na upasuaji?

Kokugonza, Buhongwa

JIBU

Kokugonza, pole. Kuulizwa utakuja na nani, ukatafuta jina usilipate, ni jambo linaloumiza, na silichukulii kwa wepesi. Hata hivyo, barua yako nimeisoma mara mbili, na ina mtu ambaye wewe mwenyewe umemwandika bila kumwona.

Leza hurekebisha umbo la tabaka la mbele la jicho ili mwanga uangukie mahali panapostahili. Kazi yake inaishia hapo. Mkono ulioinuliwa barabarani ungeuona miaka yote hii kwa miwani iliyokuwa mkobani mwako. Chumba cha baridi kiko kiwandani, hakiko Buhongwa. Waliokucheka walikosa adabu, lakini kumbuka kwamba walianza kwa kukusalimu.

Usimdanganye muuguzi. Utatoka pale ukiona ukungu, mwanga ukikuchoma, huruhusiwi kufikicha macho, na kesho yake utatakiwa kurudi kupimwa. Ndiyo maana wanataka mtu. Machibya ana busara kuliko mpango wako, lakini pikipiki ni vumbi na upepo, na akishakushusha mlangoni atakwenda kutafuta abiria wengine. Nani atakutia matone ya dawa? Nani atakupikia?

Upasuaji usiuache. Ahirisha mara ya tatu, safari hii kwa sababu ya maana, na umwambie muuguzi ukweli. Muulize daktari pia utarajie nini ukivuka arobaini, maana wengi huhitaji miwani ya kusomea hata baada ya leza.

Jumapili hii vaa miwani. Mama Masele akiita, usiseme umeshakula. Nenda, nawa mikono, ule sato wake, umtazame usoni. Kisha mweleze kwamba hukuwa unaringa, ulikuwa huoni, na kwamba unahitaji mtu wa kukurudisha nyumbani. Anaweza kukataa, ana familia na shughuli zake. Lakini mtu aliyekataliwa chakula chake Jumapili zote hizo na bado anaita, mimi ningemwomba bila woga.

Jambo la mwisho. Masele ni mwanawe. Muuguzi atataka jina la mama mwenyewe, nawe katika barua nzima hukuliandika. Nadhani hulijui. Muulize kabla hamjanawa mikono.