Mjumbe wa Chini ya Meza

Shikamoo Mama. Maharage ya Ngara matamu, ila mvua yake haina adabu. Leo kamati ya walemavu, wakimbizi na wenyeji pamoja, ilijadili kama sisi tunaoteswa na kelele tupewe mjumbe. Wakanikagua: “Mbona huna hata mkongojo? Ulemavu wako uko wapi?”

Nilikuwa nimekariri hotuba nzima. Kabla sijafungua mdomo, mvua ikashuka kwenye mabati, nikajikuta chini ya meza nimeziba masikio. Mwenyekiti, ambaye haoni, akauliza, “Mgeni ametoka?”

Nikapayuka, “Nipo chini ya meza, ndivyo ninavyojieleza!”

Wakacheka, wakanipa kiti cha mjumbe. Basi usiniombee tena radhi kwa wageni ninapokimbia kelele. Kiti ni kizuri, Mama, ila mvua haijakatika: nakuandikia nikiwa hukuhuku chini.

Wasalimie wote Nyarubungo.

Mwanao akupendaye,
Leokadia