Saa ya Ndani na Saa ya Nje

Bi Tellervo, pokea salamu zangu za heshima, mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ingawa sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitakuandikia, maana niliamini safu yako ni ya watu walioshindwa na maisha, na mimi sijashindwa, nimezungukwa tu na watu wasionielewa, na ndiyo sababu nakuomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika.

Mimi ni fundi wa lifti hapa Tampere, kwa sasa niko likizo ya kulea, binti yetu Hilla ana mwaka na nusu na nashinda naye nyumbani, kaka yake Alvar ana miaka minne na huenda chekechea asubuhi tu, na mke wangu Outi ni muuguzi wa zamu. Mwaka jana saa za nchi nzima ziliporudishwa nyuma kwa saa moja, kama serikali ifanyavyo kila vuli, watoto wetu hawakuarifiwa, wakaendelea kuamka vilevile, ila sasa ukutani ilikuwa saa kumi alfajiri, Novemba, giza totoro, na mimi peke yangu jikoni na Alvar anayetaka kujua kama jua limehamia Uswidi, na Hilla anayegonga sufuria kwa kijiko, na jirani wa chini anayegonga dari kwa fimbo ya ufagio, ikawa hivyo mpaka karibu Krismasi, na mimi nikaapa kwamba serikali haitanifanyia mchezo huo mara ya pili.

Basi mwezi wa tatu ilipofika ile Jumapili ya kusogeza saa mbele, wao wakasogeza, mimi sikusogeza. Saa ya jikoni niliiacha ilivyo, saa ya jiko la umeme nikaiziba kwa utepe, dirisha la chumba cha watoto nikalibandika foili lote, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu kuna saa ya ndani na saa ya nje, mpango ulio wazi kabisa, mtu anachotakiwa kufanya ni kujumlisha moja tu, na matokeo yake, Bi Tellervo, watoto wanalala saa mbili kamili usiku bila hata kulia, huku jengo zima wazazi wengine wanabembeleza na kutishia. Ungetegemea mke ashukuru.

Badala yake kila siku ni lawama. Kliniki walitukatalia kumpima Hilla kwa kuwa eti tumechelewa. Mama mkwe hupiga simu watoto wakiwa mezani, halafu anaona tunamkwepa. Na chekechea nao wananung'unika kwamba Alvar anafika wenzake wameshamaliza uji na wanavaa ovaroli za baridi waende kucheza nje, mwalimu akaniambia siku hizi mtoto havui hata lake, anafika, anasimama mlangoni na ovaroli lake na buti zake, anangoja wenzake wamfikie. Mimi nikamwambia mwalimu hiyo ni akili, mtoto ameshajua kwamba akivua atavaa tena, kwa nini ajichoshe?

Lakini lililoharibu mambo ni la Jumamosi iliyopita. Outi alikuwa kazini, nikawateremsha watoto kwenye sauna ya jengo, chumba cha mvuke tunachokitumia kwa zamu za saa moja moja, zamu yetu ni saa kumi na mbili jioni, zamu ya Jumamosi ambayo tuliingojea miaka mpaka mzee wa ghorofa ya nne alipohamia kwa binti yake, maana watoto wakitoka sauna wakala soseji zao usiku huo hulala fofofo. Tukavua nguo, nikafungua mlango, tukaingia sote watatu uchi na taulo zetu na ndoo ya Hilla ya plastiki, tukamkuta Bi Raili, mwenyekiti wa kamati ya jengo, benchi la juu pamoja na mumewe.

“Baba Alvar,” akasema, “watu uchi nimewaona maisha yangu yote, hawanisumbui. Hii ni zamu yangu.”

“Samahani, Bi Raili, lakini kwa saa ya ndani bado ni zamu yetu.”

“Ndani ya wapi?”

“Ya nyumbani kwetu.”

Mumewe ni mtu ambaye miaka yote tumepanda naye ngazi hajawahi kutoa neno, lakini siku hiyo hata yeye akaweka kata ya maji chini akasema, “Jamani!”

Sasa kamati inakaa Alhamisi na wanataka kutunyang'anya Jumamosi watupe Jumanne mchana, tangazo limebandikwa kwenye ngazi, na Outi alilisoma akitoka kazini, akiwa amechoka, jambo ambalo nadhani lilichangia. Aliingia, akakaa kula chakula chake, akaniuliza, “Baba Alvar, hebu niambie, sasa hivi ni saa ngapi?”

Nikamuuliza kistaarabu, “Ya ndani au ya nje?”

Akaweka kijiko mezani polepole. “Jumamosi nawachukua watoto naenda nao Kajaani kwa mama. Kule ukutani kuna saa moja. Siku ukiisogeza hiyo yako, utupigie. Usipoisogeza, usitupigie.”

Hatanii, Bi Tellervo, ameshatoa begi kabatini, na Alvar ameshapakia dubu wake. Nawapenda hawa watu, sijui nitakaa vipi kwenye nyumba yenye ukimya. Naomba unisaidie maneno ya kumweleza mke wangu kwa upole kwamba mwenye haki ni mimi.

Baba Alvar, Tampere

*

Bi Tellervo anajibu:

Baba Alvar, nianze kwa hongera. Si kila fundi wa lifti anayefanikiwa kuanzisha nchi yake ndani ya fleti. Yako ina mpaka mlangoni, ina wakati wake rasmi, ina raia wawili wadogo ambao hawakupiga kura, na tayari imeshavamia jirani. Kilichobaki ni bendera, na ile foili ya dirishani itatosha.

Maneno ya kumweleza Outi kwamba una haki sina. Nimetafuta, nimekosa. Na pole kwa Bi Raili, ambaye wiki iliyopita alikatiziwa sauna yake na wiki hii ametajwa jina gazetini. Hapo una deni la kuomba radhi mara mbili.

Jambo moja sitakucheka. Ile Novemba. Mtu aliyewahi kukaa jikoni gizani na watoto wawili macho makavu, huku mwenzake yuko zamu na jirani anagonga dari, anajua kwamba pale akili huanza kulegea, na yako ililegea, na hakuna aliyekuja kukushika mkono. Nakuonea huruma kwa dhati. Ungesema hivyo kwa Outi wakati ule, “Mke wangu, nimechoka, naogopa saa zikibadilika tena,” mngepanga wote wawili, na mimi leo ningekuwa najibu barua ya mtu mwingine. Wewe ukaona rahisi kupigana na jua.

Sasa nisikilize. Mtoto wa miaka minne saa ikisogezwa huhangaika siku chache, pengine wiki, halafu anazoea. Mtoto wa mwaka na nusu vivyo hivyo. Ninyi mko wiki ya tatu. Asiyezoea humo ndani ni mmoja tu, naye ana cheti cha ufundi wa lifti. Hivi, ukiitwa kwenye jengo ambalo watu wakibonyeza ghorofa ya tatu lifti inawashusha ya pili, utawaambia wakazi kwamba mpango uko wazi, wajumlishe moja? Ungefukuzwa kazi kabla hujafunga boksi la spana.

Unajivunia kwamba wanao hulala saa mbili bila kulia. Baba wee, kwa watu wengine wote hiyo ni saa tatu! Hata mwanangu asiyelala kabisa alipokuwa mdogo, ikifika saa tatu alidondoka mwenyewe.

Haya, kazi. Ukimaliza kusoma hapa, panda kiti usogeze saa ya jikoni. Usingoje Outi arudi ashuhudie, usipige picha, usitoe hotuba. Bandua utepe kwenye jiko. Foili iondoe, weka pazia zito linalofungwa jioni na kufunguliwa asubuhi, kwa sababu mtoto hazoei saa ya ukutani, anazoea mwanga, na wewe umemnyima mwanga wa asubuhi, ambao ndio ungekufanyia kazi yote bure. Mwamshe kwa saa ya watu, mfungulie pazia, mtoke naye nje hata kama bado kuna barafu uani. Asubuhi ikikaa mahali pake, usiku utafuata. Huo usiku nao usiuburute kwa nguvu: mlo wa jioni, kuoga na kitanda visogee pamoja, robo saa kila baada ya siku mbili. Ukiwahisha kitanda peke yake, utalaza mtoto ambaye ndiyo kwanza ametoka mezani, halafu utasema Bi Tellervo ni mwongo. Na Hilla akilala mchana kwenye kigari chake pale roshani, usimwache apitilize kwa kuwa umepata nafasi ya kunywa kahawa ya moto. Mwamshe. Kahawa baridi haijaua mtu.

Vuli nayo itakuja, na saa zitarudi nyuma. Anza wiki nzima kabla, robo robo, na safari hii Outi awe anajua kwamba unaogopa.

Kwa Bi Raili nenda na mikate ya mdalasini, uliyooka mwenyewe, na uende kwa saa ambayo yeye anaitumia. Sema “nimekosa,” kisha nyamaza. Neno “ndani” lisitoke kinywani mwako. Kamati ikikupa Jumanne, pokea Jumanne, shukuru, kaa kwenye mvuke ufikirie. Gazeti linatoka Jumatano, kamati inakaa Alhamisi, begi linaondoka Jumamosi. Muda unao wa kutosha, hata ukihesabu kwa saa yako.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna kitu umekiandika katikati ya barua, kati ya mama mkwe na sauna, ukakipita haraka haraka. Umesema mwanao hufika chekechea, havui ovaroli. Anasimama mlangoni na buti zake anangoja wenzake. Wewe umeita hiyo akili. Mimi nimeisoma mara tatu na kila mara nimelazimika kuvua miwani. Huyo ni mtoto ambaye ameshakubali kwamba kila anapofika watu wamemaliza. Hajui kuna saa mbili. Anadhani ni yeye.

Outi hakuchoshwa na kujumlisha moja, Baba Alvar. Nadhani naye amemwona mtoto huyo mlangoni.

Kwa hiyo kesho usimpeleke kwa wakati. Mpeleke mapema. Mpige miayo wote wawili njiani, mfike taa za chekechea ndiyo zinawashwa, mwalimu bado anatafuta funguo za kabati. Ingia naye. Piga magoti umfungulie zipu ya ovaroli, umvue buti uzipange pale chini, wakati rafu yote ni tupu. Halafu kaa pembeni, usiseme kitu, umwache Alvar awaone wenzake wakiingia mmoja mmoja na kumkuta yeye ameshafika.