Kompyuta Isiyosikika

4 Machi

Mdogo wangu,
Hujambo? Baba ameamkaje? Mimi mzima, baridi tu. Vifaa nilivyompa dereva wa basi vimefika? Ulianza kuniagiza ubao mama wa kompyuta usio na feni, ukaja na diski isiyozunguka, sasa kasha la alumini. Kompyuta gani hii isiyokwisha? Madukani zimejaa zilizo tayari.
Dada yako

18 Machi

Dada,
Shikamoo. Vimefika, ahsante. Baba anakula vizuri, ila tangu apooze, usemi haujarudi, na kelele humpasua kichwa; hata feni ya mezani hataki. Ndiyo maana naiunda mwenyewe. Joto litatoka kupitia kasha, mambo yale yale ya majokofu ninayotengeneza kazini. Umeme inakula kidogo, ukikatika betri ya sola inaibeba. Ndani naweka mfumo huria: ni wa bure, na naruhusiwa kuuchokonoa mpaka herufi ziwe kubwa na kidole kimoja kitoshe. Nataka Baba aseme tena.
Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,
Salamu. Mjomba alifika kwenu Jumapili. Anasema alikaa chumbani kwa Baba asubuhi nzima, hakuona wala kusikia kompyuta yoyote. Aliona kijisanduku cheusi na televisheni yenu ya zamani, imezimwa. "Binti," akaniambia, "unachezewa shere." Nikikuomba picha, unasema simu imepasuka. Sema kweli: vifaa vyangu umeviuza wapi? Na Baba asiyeweza kusema ndiye umemfanya kisingizio?
Dada yako

27 Juni

Mwanangu,
Hujambo huko? Mimi naendelea. Ni Baba, kwa kidole cha kushoto, kwa hiyo usinihesabie makosa.
Kijisanduku alichoegemeza mkono mjomba wako ndicho kompyuta yenyewe. Haina sauti, angeisikiaje? Televisheni ndiyo kioo chake. Niliizima mwenyewe alipoingia, maana nilikuwa namwandika yeye.
Mdogo wako aliisoma barua yako amesimama, akarudi kazini. Hajakutaja tena. Nimemwandikia, "Mjibu dada yako." Akasema, "Hatanisadiki, Baba. Mwandikie wewe."
Baba yako

5 Julai

Mdogo wangu,
Hali yako? Nimeisoma barua ya Baba. Nimekukosea vibaya. Nisamehe. Nimeomba likizo, naja mwezi ujao. Nijibu japo neno moja.
Dada yako

29 Julai

Dada,
Shikamoo. Huku wazima. Baba anakungoja, ameshaandika yote atakayokugombeza. Njoo, nitakupokea.
Ila nina swali moja. Mimi hukuniamini, umemwamini Baba. Je, kama kidole kile kingegoma, ningekuwa mwizi wako mpaka lini?
Usinijibu kwa barua. Nataka nikuone unavyosema.
Mdogo wako