Hadi Theluji

Naryn, 22 Septemba

Dada Burulcha,

Salamu nyingi. Sisi wazima, theluji imeshafika vileleni. Macho yaendeleaje baada ya upasuaji?

Nina jambo la kuungama. Uliponiachia maktaba ya shule na ile programu mpya, nilifuata maelekezo yake ya Kirusi neno kwa neno: kila kitabu siku kumi na nne. Jana wafugaji wengi walishuka kutoka malisho ya kiangazi. Mzee Satar akarudisha vitabu alivyochukua Juni, akaomba vya majira ya baridi. Kompyuta ikamkataa: amechelewa, amezuiwa.

Akacheka. "Mwanangu, hicho kisanduku hakijui kondoo hupanda mlimani?"

Mjukuu wake, yule Tolgonai wa darasani kwetu, akadakia: "Kinajua, babu. Asiyejua ni huyu bubu anayekiendesha."

Mzee kaondoka mikono mitupu. Familia ishirini na sita zimezuiwa hivyo hivyo. Wasipokuja tena, nitakuwa nimekuulia maktaba.

Mdogo wako,
Aijarkyn

Bishkek, 30 Septemba

Mdogo wangu,

Barua nimesomewa mara mbili. Anayeandika hii ni mpwa wangu. Macho bado yamefungwa, ila maumivu yamepungua. Chai ya hapa usiniulize.

Kosa ni langu. Wafugaji sikuwawekea tarehe daftarini, niliandika tu "hadi theluji", nikadhani kila mtu anajua. Kwenye programu, fungua aina mpya ya wanachama, Wafugaji, uipe siku mia na hamsini. Kisha nenda kwa Satar mwenyewe. Hilo kompyuta haitakufanyia.

Asante kwa kuniambia. Wengine wangenificha.

Dada yako,
Burulcha

Naryn, 12 Oktoba

Dada yangu,

Natumaini unalala vizuri. Hapa sote salama.

Aina ya Wafugaji nimeifungua, kisha nikaenda kwa Mzee Satar. Mlangoni nikamnyooshea vitabu tu.

"Kisanduku kimejifunza?" akauliza.

"Nimejifunza mimi. Nisamehe, babu."

"Kumbe anaongea!" Tolgonai akasema, akanimiminia chai. Familia zote zimesharudi maktabani, isipokuwa mbili zilizo bado mlimani.

Asante kwa kunituma, badala ya kuniombea radhi wewe.

Halafu nilitafuta jina lako kwenye orodha ya wanachama, sikulikuta. Miaka thelathini unaazimisha wengine, wewe huna hata kadi! Nimekutengenezea. Jirani anakuletea kile kitabu kinene ulichosema utakisoma ukipumzika; mpwa wako akusomee. Programu haikubali kuachiwa tarehe wazi, kwa hiyo nimeiwekea yoyote. Yako ya kweli nimeiandika kwa kalamu, ndani ya jalada:

Hadi macho yapone.

Mdogo wako,
Aijarkyn