Nguruwe Hana Bunduki

Mahege,
14 Shaabani 1324.

Mpendwa mdogo wangu Sadallah,

Assalaam alaykum. Pokea salamu za mtu aliyeshika kalamu tangu asubuhi akaona heri angekwenda kulima. U hali gani, wewe na mkeo Siti, na huyo mtoto ambaye bado sijamtia machoni? Kifua chako je, kimepoa, au karafuu za Unguja zingali zinakukohoza? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ingawa ukikutana nami njiani utanipita, maana nimebaki mifupa na kofia.

Barua yako aliniletea Maneno, yule mchukuzi wa boriti wa Mbwera. Umeuliza neno moja tu: uje na watu wako kabla ya vuli, tulime pamoja shamba la marehemu baba kule bondeni? Nimekaa na swali lako mwezi mzima. Si uvivu. Siwezi kukujibu habari ya shamba bila kukueleza habari ya mama, na ile niliyokuandikia mwanzo haikuwa kweli.

Ulipoondoka, vijiji vyetu vilikuwa vimeshikana. Mtu akipiga chafya huku, kule anaombewa afya. Kila mwaka kabla ya kupanda tulitoka wote na nyavu kusaka nguruwe, tukawasukumia mbali. Hatumli, lakini yeye anatula, ndivyo tulivyokuwa tukitaniana, unakumbuka. Kisha ikaja pamba ya akida. Siku za kusaka zikawa siku za kupalilia pamba, na nguruwe hali pamba. Alikula mtama wetu, ile pamba akaiacha imesimama safi. Na kumuua mnyama nako kukataka kibali cha Wadachi, kama vile kukata mkoko visiwani kunavyotaka kibali.

Ndipo zikaja habari za maji ya dawa. Nasikia huko Unguja watu wanatucheka. Wacheke, lakini wewe ndugu yangu ujue kuwa wengi wetu hatukuyaendea kwa ajili ya vita. Tuliambiwa ukiyanyunyiza pembezoni mwa shamba, nguruwe hapiti. Mtu aliyelimishwa pamba huku mtama wake ukiliwa, mwambie maneno hayo uone atakavyokimbia. Nilipanda mto mwendo wa siku tatu, nikarudi na kibuyu.

Ya vita umeyasikia. Risasi hazikugeuka kuwa maji. Muhidini, mtoto wa mama mdogo, tulimzika shimo moja na wenzake tisa. Nyumba zilichomwa, na nyavu zetu ziliungulia humo humo. Hata zingepona, nani angezishika? Kusaka kunataka watu thelathini, nasi tulibaki wanaume sita. Wengine walikimbilia Mbwera kwa dada yetu Mwajabu, wakaishi kwa kaa na samaki.

Sadallah, sikujua kuwa pori lina mbio kiasi kile. Pale palipokuwa nyumba ya mzee Mwinyimvua sasa pana kichaka, na nguruwe amezaa ndani yake. Maisha yangu yote nilidhani msitu umekaa mbali kwa kupenda kwake. Kumbe sisi ndio tuliokuwa tukiusukuma kila mwaka, kwa jembe na moto na nyavu na makelele ya watoto. Tulipopungua, ukaja hadi mlangoni. Mzungu mmoja aliyepita na askari wake alisema hapa ni pori tangu enzi, hapajapata kukaa watu. Alikuwa amesimama juu ya kinu chetu.

Sasa sikia kosa langu.

Mvua zilipokuja tulipanda mpunga, mimi na mama. Ulipoanza kuzaa, mama akanitaka nijenge dungu, nipande juu nilinde kama alivyolinda baba. Nikakataa. Kibuyu changu kilikuwa bado nusu. Nilijisemea kuwa maji yameshindwa na risasi kwa sababu watu walivunja miiko, lakini nguruwe hana bunduki. Nilijiona mwenye akili sana. Nikanyunyiza pembe zote nne za shamba, nikafunga mzigo kwenda Mbwera kukata boriti. Mama akasema, "Kondo mwanangu, hayo maji yako nguruwe atayanywa." Nikacheka, nikaenda zangu.

Alijenga dungu mwenyewe. Miti mirefu hakuiweza, akasimamisha vijiti, kitanda chake kikawa kimo cha kifua tu. Alikaa hapo kutwa, siku baada ya siku, akigonga ubao na kupiga kelele, mwanamke wa umri ule. Alasiri moja nguruwe dume akapita chini ya dungu, vijiti vikavunjika, mama akaanguka, na yule dume akamchana paja. Jirani yetu Sikujua ndiye aliyemwokota.

Habari zilinifikia Mbwera nikiwa na shoka mkononi. Nilipofika, jeraha lilikuwa limeanza kutoa harufu. Aliishi siku sita. Nilikuandikia kuwa ni homa, na homa ilikuwepo kweli, lakini haikuanza yenyewe. Hakunilaumu hata kwa jicho. Aliniuliza tu kama mpunga umebaki. Nikamwambia umebaki. Huo nao ulikuwa uongo, ndugu yangu, na ndio uongo wa mwisho aliousikia duniani.

Basi najibu swali lako. Shamba lipo. Mto ulifurika na kupungua kama desturi yake, ukaacha udongo mweusi, hauna habari kama tulipigana. Mwajabu amenipa mbegu vikapu viwili. Miti ya dungu nimekwisha kuikata, mirefu. Lakini mtu mmoja hawezi kulima na kulinda. Wakati nimeinama, nguruwe yuko nyuma yangu. Nikibaki peke yangu mwaka huu, hata hicho kipande kitarudi porini, na jina la baba halitakuwa na mahali pa kusimama. Nakuhitaji, wala sioni haya kusema. Ninachoonea haya ni kukuita bila kukwambia ukweli.

Mwajabu anakusalimu sana na anauliza mtoto amefanana na nani. Jirani yetu Sikujua naye anakusalimu. Nisalimie Siti, mwambie shemeji yake anamwombea heri, na umbusu mtoto kichwani kwa niaba yangu. Mwezi mtukufu unakaribia. Mungu awafungulie riziki, awape afya, awaepushe na yaliyotukuta sisi. Mama ukimsomea Fatiha, msomee kwa sauti.

Barua hii nampa Maneno mkononi, naye ameniapia atakukabidhi wewe mwenyewe. Nitangoja hadi mvua ya kwanza. Ukija, sitakuuliza kama umenisamehe, nitakupa jembe. Usipokuja, sitasema barua imepotea baharini. Nitajua kuwa umeisoma.

Ni mimi kaka yako, akupendaye na aliyekukosea,

Kondo