Mikono ya Baba Mkwe

Da Zaina, wewe na wajukuu wa Kigoma, salamu zenu kutoka Buyenzi.

Unajua Houda wangu anafuga samaki wa bahari na matumbawe hai saloni, pale tunapokaribisha wageni, ndani ya tangi la kioo. Chumvi inatoka Dar, anaichanganya kwa kipimo, na umeme ukikatika anawasha betri. Mutoto mwenye akili hiyo Buyenzi nzima hayupo, wacha nijisifu.

Jumapili wakwe zake walikuja kupanga harusi. Baada ya pilau, baba mkwe aliinuka, akatumbukiza mikono yenye mafuta kwenye kile kioo, akanawa. Mafuta yakaelea juu.

"Si maji tu haya?" akasema.

Houda akamgeukia Seifu, mchumba wake. "Na we unasemaje?"

Seifu akacheka. "Ukishaolewa tutayamwaga yote."

Samaki wawili wamekufa. Mi nimewatoa kwa mkono, wananuka vibaya. Lakini kile kicheko ndicho kinanitapisha mpaka leo.

Ile nguo ya harusi usiendelee kuishona. Watu wakiuliza, waambie ni mwanangu amekataa, apana wakwe.

Mdogo wako,
Mama Houda